Mtoto Hazaliwi Karatasi Tupu

Ni imani chache zilizopokewa katika vyuo vya ualimu bila kuhojiwa kama ile inayodai kwamba akili ya mtoto anayezaliwa ni karatasi tupu, na kwamba lolote litakalosomeka humo baadaye litakuwa limeandikwa na mzazi, mwalimu au mazingira. Imani hiyo, ambayo huwapendeza zaidi walioshika kalamu, hubebeshwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17. Lakini anayemsoma kwa makini atakuta kwamba alichokikana Locke ni maarifa ya kuzaliwa nayo, yaani kweli ambazo akili ingekuwa nazo kabla ya kuona, kusikia au kugusa chochote, na si uwezo wa asili wa kukumbuka, kulinganisha na kufikiri, ambao aliukiri waziwazi. Leibniz, Mjerumani aliyemjibu hoja kwa hoja katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1765, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki, alipendelea mfano wa jiwe la marumaru lenye mishipa: mchongaji hutoa jasho la kweli, ila mishipa imekwisha kuelekeza ni umbo gani litakalotoka kwa urahisi.

Ni haki kukubali kwamba Locke hakukosea kila mahali. Rafiki yake William Molyneux aliuliza kama kipofu wa kuzaliwa, aliyezoea kutofautisha tufe na mchemraba kwa kupapasa, angeweza kuvitambua kwa macho pindi akipata kuona, na wote wawili wakajibu kwamba asingeweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu watoto waliopata kuona kwa upasuaji nchini India, uliwaunga mkono, kwa kuwa macho ya watoto hao hayakutambua mara moja kile ambacho mikono ilikifahamu. Akili, basi, haiji na kamusi iliyokwisha kuandikwa, na mwili una sehemu yake katika kuijaza.

Lakini kutokuwa na kamusi si kuwa tupu. Nchini Nikaragua, watoto viziwi waliokuwa wakiishi majumbani, kila mmoja na ishara zake chache, walikusanywa katika shule za Managua mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na walimu wakajitahidi kuwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo, bila mafanikio makubwa. Viwanjani na ndani ya mabasi, watoto walewale wakajiundia lugha ya alama ambayo hakuna mtu mzima aliyewapa. Anayesikia, akisimulia kwa mikono kitu kinachobiringika mlimani, huonyesha mzunguko na mteremko kwa mpigo mmoja. Waliojiunga baadaye wakiwa wadogo, kinyume chake, mara nyingi waliukata mwendo huo vipande viwili, alama ya kubiringika kisha ya kuteremka, kama maneno yanavyofuatana katika sentensi. Nani aliyewaandikia mgawanyo huo? Mwaka 1986 wizara ya elimu ilimwita Judy Kegl, mtaalamu wa isimu kutoka Marekani, aeleze kilichokuwa kikiendelea, na ilimbidi aanze kwa kujifunza kutoka kwa wanafunzi ambao Kihispania cha walimu kilikuwa kimewashinda.