Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Bungoma: Wagonjwa wetu wasiachiwe prednisoloni pekee

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la nyumba moja. Katika wadi yetu ya Matulo, na njia nzima kutoka Webuye hadi Kitale, wako watu ambao kinga ya mwili imewageukia wenyewe au inapambana kupita kiasi. Kuna wenye lupasi, wengi wao wakiwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kuna wenye baridi yabisi inayopinda vidole, na kuna wenye pumu na mizio mikali. Mara nyingi huanza kwa kuambiwa wana malaria, kisha taifodi, na vipimo vikikosa jibu, jamaa huanza kunong'ona kwamba wamerogwa.

Jirani yangu, mama wa makamo, alivimba viungo hadi akashindwa kufunga leso. Hospitali ya umma aliyokwenda ilimpa dawa ya kutuliza maumivu na kumrudisha nyumbani. Aliyempa nafuu ni mwenye duka la dawa, kwa ile bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1x3" kwa kalamu, bila jina la dawa. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe. Siku chache baadaye alikuwa shambani na jembe mkononi, na sote tukaisifu dawa ile. Akawa anainunua kila inapokwisha. Kufikia mavuno ya pili uso wake ulikuwa umejaa na kuwa wa mviringo, sukari imepanda, na ngozi ya mikono inachubuka kwa kuguswa tu. Vidonge vile vilikuwa prednisoloni.

Prednisoloni si dawa ya uongo, Mheshimiwa. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni, steroidi ya jamii moja na prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi ambaye alikuwa hajiwezi, na baada ya siku chache mgonjwa huyo akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel. Lakini madaktari hawakuchukua muda kuona gharama yake. Steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Mbaya zaidi, aliyezimeza kwa miezi mingi akiziacha ghafla, pengine kwa kukosa pesa tu, anaweza kuzirai na hata kufa, kwa kuwa tezi zake zimeacha kutengeneza homoni inayofanana nazo. Hayo hayaandikwi kwenye bahasha ya kaki.

Zipo dawa za kumwondoa mgonjwa kwenye steroidi au kumpunguzia dozi, na nyingine ni za zamani. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile dawa chungu tuliyomeza utotoni kwa malaria ikatuwasha mwili mzima. Kwa mwenye lupasi, ndiyo nguzo ya matibabu: hupunguza vipindi vya ugonjwa kupanda, na anayeitumia kwa miaka mingi hupimwa macho. Methotreksati kwa baridi yabisi humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Ikimezwa kila siku kwa makosa huweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kuigusa. Dawa ya namna hiyo inataka kliniki, kadi ya mgonjwa, na damu na ini kupimwa mara kwa mara.

Kliniki za aina hiyo tunajua kuziendesha. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano na Hospitali ya Rufaa ya Moi ya Eldoret, umewahudumia watu wa Webuye wanaoishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi. Wana tarehe ya kurudi, wana faili, na asiyefika hutafutwa. Kwa nini mwenye lupasi asiwe na faili kama hiyo? Naomba siku moja tu kila mwezi katika Hospitali ya Kaunti ya Webuye, daktari wa magonjwa ya ndani akae na wagonjwa hawa, akiwa na nambari ya simu ya mtaalamu wa Eldoret.

Pumu nayo tunaitibu nusunusu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA unasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa sababu hufungua njia ya hewa bila kutuliza uvimbe ulioziba njia hiyo. Anahitaji pia steroidi ya kuvuta, ambayo huenda moja kwa moja kifuani kwa kiasi kidogo. Na kwa wenye mizio mikali, kila zahanati iwe na adrenalini, ya kudunga pajani mara mtu anapobanwa pumzi kwa kuumwa na nyuki au kwa dawa iliyomkataa.

Kuhusu dawa mpya za kingamwili, Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Bei yake bado ni mzigo, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, haipaswi kuanzishwa kabla mgonjwa hajapimwa. Hiyo tuidai kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, chini ya hazina ya maradhi sugu, na sauti yako huko Nairobi ina uzito zaidi kuliko yangu. Dawa za bei nafuu nilizotaja, hizo zisisubiri Nairobi. Katiba ya 2010 imeziweka hospitali za kaunti na famasia zake mikononi mwa kaunti.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Kikao cha wadi yetu kikiitishwa tutafika na wagonjwa wetu, na tunakuomba uje, au umtume afisa atakayetuonyesha haidroksiklorokwini, methotreksati na steroidi ya kuvuta zimeandikwa ukurasa gani.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Matulo