Lugha Nyumbani: Fundi au Msanii?

Jioni moja hapa Cibitoke jirani yangu, askari polisi, alinijia na shauri la nyumbani. Kijana wake anajifunza useremala. Siku hizi huchonga maua katika viegemeo vya viti, naye amemwambia babaye, "Mimi ni msanii." Mzee amekasirika. "Nimelipa ada apate kuwa fundi," alisema, "na madereva watokao Dar es Salaam wameniambia msanii ni mlaghai. Mwezi ujao silipi."

Nilimjibu kwamba maneno hayo mawili hayana ugomvi. Fundi ni ndugu wa funda, neno lililozaa fundisha na mwanafunzi. Fundi, basi, ni yule aliyefundwa akaiva, hata aweza kumfunda mwingine. Sanaa imetoka Kiarabu, ambako asili yake ni kutengeneza kitu. Jamii ya neno hilo huko hutaja hata viwanda. Wazee wa pwani waliita sanaa kazi yoyote ya mikono yenye ustadi: kuchonga mlango, kusuka mkeka, kufua fedha.

Madereva nao hawakusema uongo. Katika mitaa ya Tanzania usanii umepata maana ya pili, yaani ujanja wa kuhadaa watu. Lakini maana ya mtaani haiifuti ile ya asili.

Hata Wajapani wamelipima jambo hili. Fundi wa kazi ya mikono humwita shokunin. Mwaka 1925 Yanagi Soetsu na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro waliunda neno mingei, kwa kufupisha maneno yenye maana ya kazi za mikono za watu wa kawaida. Walitaka ijulikane kwamba bakuli la kulia wali, lililofinyangwa na fundi asiyetajwa jina, lina uzuri wake, na uzuri huo hautengani na matumizi. Mwaka 1936 vyombo vya namna hiyo vilifunguliwa jumba la makumbusho mjini Tokyo.

Basi nikamshauri jirani: kikalie kwanza kiti cha mwanao. Kikiyumba, bado si fundi, na maua hayatamwokoa. Kikitulia, majina yote mawili ni haki yake.

Jumapili tulikwenda pamoja karakanani. Kiti hakikuyumba. Ada imelipwa, ingawa mzee bado humwita fundi.

Tuonane juma lijalo.