MWENYE NYUMBA, UMEUZA NINI? (Somo kwa wenye nyumba za kupangisha na wanaojenga sasa)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu katika imani, na majirani zetu wote wa Kahororo, Hamugembe, Kashai, Rwamishenye mpaka Muleba na Kamachumu. Leo tuzungumze jambo linalogusa riziki ya kila siku: nyumba za kupangisha. Wapo waliojenga kwa kiinua mgongo, wapo waliojenga kwa fedha ya kahawa, wapo ambao watoto wao walioko Dar au Mwanza wanatuma kidogo kidogo. Ni mradi mzuri na ni halali. Lakini wengi tunauendesha bila kujua tumeuza nini.

Jibu ni hili, tulishike: mwenye nyumba hauzi matofali wala bati. Anauza MANFAA, yaani kukaa salama kwa muda waliokubaliana. Wanazuoni wanaiita ijara. Ukilifahamu hilo, mambo mengine yote yanafuata.

*1. KODI YA MIEZI SITA: NI HALALI, LAKINI HAIJAWA YAKO YOTE*

Watu wananiuliza, "Shekhe, kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni haramu?" Hapana. Mkikubaliana kwa ridhaa, inajuzu kulipwa mbele. Hata sheria ya nchi haikuzuii kwa njia ya zamani, maana ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa 2005.

Tatizo liko kwenye namna tunavyoila. Tuchukue mfano: chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mpangaji anakupa 240,000. Wewe siku hiyo hiyo unanunua saruji, unalipa ada, imekwisha. Lakini umeshampa manfaa ya siku ngapi? Hata moja bado. Wanazuoni wa Kishafii wanaeleza kwamba ujira uliopokelewa mbele unatulia mikononi mwa mwenye mali kadiri muda unavyopita. Mwezi ukiisha, 40,000 imetulia. Zile 200,000 bado zimefungamana na haki ya mtu.

Mnakumbuka Jumamosi ile ya Septemba 10, 2016. Tulikuwa katika siku za karibu na Idi ya kuchinja. Ardhi ikatikisika, watu 17 wakafariki hapa Kagera, Allah awarehemu. Nyumba nyingi zikaanguka au zikapasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kuharibika. Sasa jiulize: mpangaji aliyekuwa amelipa mwaka mzima mwezi Agosti, nyumba ikaanguka Septemba, fedha ya miezi iliyobaki ni ya nani?

Kwa fiqhi jibu liko wazi. Nyumba ikibomoka na manfaa yakaondoka, mkataba wa muda uliobaki umevunjika, na kodi yake inarudi kwa mpangaji. Usiseme "ni kazi ya Mungu." Ni kadari ya Allah kweli, lakini kadari haihamishi mali ya mtu kwenda mfukoni mwako. Na Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 inakwenda njia hiyo hiyo: jengo likiharibiwa na janga lisilotokana na uzembe wa mpangaji, likawa halifai kukaliwa, kodi inasimama.

Kwa hiyo nasaha yangu: ukipokea miezi sita, igawe mafungu sita. Tumia fungu la mwezi uliokwisha. Yaliyobaki yahesabu kama deni juu yako.

*2. USIPANGE TAREHE YA KODI BILA KUMJUA MPANGAJI*

Utasema, "Shekhe, nikichukua mwezi mmoja mmoja nitasumbuliwa." Nakuelewa. Lakini tazama watu wetu wanavyopata. Mwalimu na nesi wana mshahara mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa anategemea giza, mbalamwezi ikiwa kali anakaa bure. Mwenye kahawa anasubiri msimu. Bodaboda na mama lishe wanapata cha kila siku.

Ukiwabana wote kwa miezi sita, mwenye uwezo atalipa, na asiye nao atakopa kwa riba ili akulipe wewe. Maoni yangu ni kwamba mwezi mmoja hadi mitatu inatosha kwa watu wa kipato cha kila siku, na tarehe iwe ile ambayo yeye ana fedha. Hata kibiashara una faida. Mpangaji anayekaa miaka minne kwa amani ni bora kuliko watatu wanaopokezana huku chumba kikikaa wazi miezi miwili kati ya mmoja na mwingine.

*3. FAINI YA KUCHELEWA*

Wapo wanaoandika kwenye mkataba, "Ukichelewa wiki moja unaongeza 5,000." Ndugu yangu, kodi iliyofika muda wake ni deni. Kuongeza fedha juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata ukiiita faini. Suratul Baqara, aya ya 280, inatufundisha kumpa muda mwenye dhiki. Na yule mwenye uwezo anayezungusha makusudi? Huyo anadhulumu, na unayo haki ya kumdai na kutompangisha tena mkataba ukiisha.

Lakini usimng'olee mlango, usimkatie umeme, usimtolee vyombo mvuani. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata liwapatanishe. Ikishindikana lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

*4. KODI YA JENGO KWENYE LUKU*

Hapa watu wengi wanadhulumiana bila kujua. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hii ni ya MWENYE JENGO. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Tena mkiwa wapangaji wanne kwenye mita moja, anayenunua wa kwanza mwezi ule ndiye anayekatwa.

Utasema 1,500 ni kitu gani? Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopima kikamilifu wakipokea, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Upungufu hauna udogo mbele ya Allah. Dawa ni rahisi: mpunguzie kwenye kodi ya pango, au mkubaliane mwanzoni, kwa maandishi, kwamba atailipa yeye. Akiridhia akijua, hakuna tatizo. Ubaya ni kunyamaza huku yeye akikulipia.

*5. MATENGENEZO NI BEI YA KILE ULICHOUZA*

Bukoba mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Bati likivuja, godoro la mpangaji likilowa, manfaa uliyouza yamepungua. Paa, kuta, choo, mfereji wa maji: hayo ni yako. Taa iliyoungua na kitasa alichovunja yeye: hayo ni yake. Kwa Kishafii, ukikataa kutengeneza kasoro inayomzuia kukaa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba na kudai kodi ya muda uliobaki.

Kwa hiyo katika kila kodi unayopokea, weka pembeni fungu la nyumba. Na wewe unayejenga sasa: maliza choo, mfereji na nguzo imara kabla ya kufikiria chumba cha tano. Vyumba vitatu imara ni bora kuliko sita vyenye nyufa. Baada ya 2016 hatuna udhuru wa kusema hatukujua.

*6. ANDIKENI, NA AMANA IRUDI*

Suratul Baqara, aya ya 282, imehimiza kuandika madeni na kuweka mashahidi. Andikeni kodi, muda, nani analipa maji na umeme, na hali ya chumba siku ya kuingia. Toa risiti. Fedha ya tahadhari ni AMANA. Akitoka, kata gharama ya alichoharibu tu na kilichobaki mrudishie.

Na wewe mpangaji, haki ni pande mbili. Ukiamua mwenyewe kuhama katikati ya mkataba, huna haki ya moja kwa moja ya kurudishiwa. Mwombe mwenye nyumba. Naye akikubali kukuachilia amefanya jambo lenye fadhila kubwa.

*7. ZAKA*

Nyumba yenyewe ya kupangisha haitolewi zaka kwa kauli ya wanazuoni wengi, na ndivyo lilivyoamua Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah mwaka 1985. Zaka iko kwenye kodi uliyoweka akiba, ikifika nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu) na ikapitiwa na mwaka: asilimia 2.5.

Ndugu zangu, mpangaji analala chini ya paa lako, anaswali humo, anaomba dua humo usiku. Jitahidi dua hiyo isiwe dhidi yako. Kabla ya kupokea kodi ya mwezi ujao, kaa na daftari, uhesabu: nani nimemkata nisichostahili, amana ya nani sijairudisha? Lipa leo kwa shilingi, kabla hujalipa kesho kwa mema yako.

Mtumie mwenye nyumba unayemjua, na mpangaji pia.

Allah azibariki nyumba zetu na atulinde na dhulma, ya kuifanya na ya kufanyiwa. Amin.

Wallahu a'lam.