Mkandarasi wa Karatasi

Kuna karatasi inayosainiwa sana Hillbrow, Johannesburg. Mara nyingi haizidi kurasa mbili, imechapwa kwenye duka la intaneti, jina la mtu limejazwa kwa kalamu, na katikati yake pana kifungu kinachotegemewa kuliko vyote: aliyesaini si mwajiriwa, ni mkandarasi huru, na kodi yake atajilipia mwenyewe. Mwenye saluni anaamini kifungu hicho kinamkinga na SARS, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini. Mwenye kampuni ya ulinzi anaamini hivyo hivyo. Naye msusi aliyetoka Bukavu, aliyesaini kwa sababu pango la chumba lilikuwa linadaiwa, ana imani yake: hakatwi, kwa hiyo hadaiwi.

Wote wamekosea.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya nchi hiyo, Namba 58 ya 1962, ina Jedwali la Nne linaloshughulikia makato ya watu wanaofanya kazi. Jedwali hilo haliulizi mkataba umepewa jina gani. Linauliza kazi inafanyikia wapi na nani anaisimamia. Kama kazi kwa sehemu kubwa inafanyika kwenye eneo la mlipaji, na kama kuna mtu anayeelekeza namna ya kuifanya au saa za kuifanya, uhuru wa kwenye karatasi umekwisha: mlipaji anatakiwa kukata PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, na kuipeleka SARS kila mwezi. Pameachwa mlango mmoja, wa mkandarasi ambaye kwa mwaka mzima ameajiri watu watatu au zaidi wa muda wote, wasio ndugu zake, katika biashara hiyohiyo. Msusi mwenye sega lake na mdogo wake wa kumshikia nywele hapiti mlango huo.

Chukua saluni ya kawaida ya Pretoria Street, hapohapo Hillbrow. Mwenye duka anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku. Bei zilizobandikwa ukutani amezipanga yeye, draya ni zake, mteja anamlipa yeye, na Jumamosi jioni anagawa pesa nusu kwa nusu. Msusi akichelewa anakatwa. Akitaka kwenda kliniki anaomba ruhusa, na akikataliwa anarudi kitini. Uhuru wa mkandarasi huyu uko wapi? Kiti cha pembeni yake kimekodiwa na mwanamke mwingine. Analipa pango la kiti kila wiki, awe amepata wateja au hakupata. Anaingia anapotaka, bei anapatana mwenyewe, mashine na rasta ni zake, na wateja wake wamemfuata kutoka Yeoville. Huyu wa pili ni mfanyabiashara kweli, mdogo lakini kweli. Ajabu ni kwamba wote wawili wamesaini karatasi ileile, na mwenye duka anawaona wako sawa.

Kwa Waafrika Mashariki imani kwamba asiyekatwa hadaiwi ina mizizi nyumbani. Tanzania, kampuni inayomlipa mtoa huduma mkazi inazuia asilimia 5. Kenya ni asilimia 5 kwa ada za kitaalamu na 3 kwa malipo ya ukandarasi. Uganda ni 6. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo amezoea kuona kodi ya zuio ikikatwa juu kwa juu na cheti kikitolewa. Akifika Johannesburg na kulipwa pesa nzima, anahitimisha kwamba serikali ya huku haina haja naye. Afrika Kusini haina kodi ya zuio ya namna hiyo kwa mkandarasi mkazi. Ama mtu anakatwa PAYE na kupewa cheti cha IRP5, ama hakatwi kitu na anatakiwa kujaza mwenyewe fomu ya IRP6 mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Agosti na mwisho wa Februari.

Hesabu yake si ndogo. Mpiga picha za harusi anayebakiwa na randi 15,000 kwa mwezi baada ya gharama anafikisha 180,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka wa kodi ulioishia Februari 2026, asilimia 18 ya hiyo ni 32,400. Ukiondoa punguzo la msingi la 17,235, anadaiwa randi 15,165. Hakuna aliyemwekea akiba hiyo. Pato lake lote la mwezi mmoja, na zaidi, si mali yake, na wengi hugundua hivyo siku wanapohitaji hati ya kodi ili wapate zabuni.

Lakini msusi na mlinzi wa lango si wapiga picha wa randi 15,000, na hapa ndipo uongo mkubwa wa karatasi hii unapojificha. Mwajiri humwambia mtu: "Nimekuandika mkandarasi ili usikatwe kodi." Inasikika kama hisani. Sasa tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara kitaifa kuanzia 1 Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Anayefanya kazi saa 45 kwa wiki anapata kama 5,614 kwa mwezi, yaani 67,369 hivi kwa mwaka. Katika mwaka huohuo wa kodi, mtu wa chini ya miaka 65 hakuanza kulipa kodi ya mapato mpaka avuke 95,750. Mtu huyo angeandikwa mwajiriwa, akakatwa PAYE kwa uaminifu wote, makato yangekuwa sifuri. Amesamehewa deni ambalo hakuwa nalo, na kwa hisani hiyo amesaini kuacha likizo, siku za ugonjwa, bima ya kukosa kazi na fidia ya ajali.

Upande wa mwajiri nao hautoki vizuri kwenye hesabu. Saluni yenye wasusi watano wa kima hicho cha chini ingelipa PAYE sifuri. Mchango wa mwajiri kwa mfuko wa bima ya kukosa kazi, UIF, ni asilimia 1: randi 56 kwa kila msusi, 281 kwa wote watano kwa mwezi, na msusi naye anakatwa kiasi hichohicho. Tozo ya mafunzo haimgusi, kwa kuwa haidaiwi kwa biashara ambayo jumla ya mishahara yake haizidi 500,000 kwa mwaka. Mwenye duka anayelalamika kwamba kodi itamfilisi, basi, analalamikia kitu kingine. Anachokikwepa ni siku 21 za likizo yenye malipo, ni kima cha chini chenyewe, na ni kule kutakiwa kueleza sababu kabla ya kumfukuza mtu. Aseme hivyo, na SARS asiisingizie.

Kima cha chini nacho, kwa bahati mbaya ya mwenye duka, hakikwepeki hata karatasi ikiwa na muhuri. Sheria ya mwaka 2018 iliyokianzisha inamhesabu kama mfanyakazi yeyote anayemfanyia mwingine kazi na kustahili malipo. Sheria ya Uhusiano Kazini ya 1995, katika kifungu cha 200A kilichoongezwa mwaka 2002, inakwenda mbali zaidi: inaorodhesha dalili saba, zikiwemo kupangiwa saa, kupewa vifaa, kumtegemea mlipaji mmoja kwa riziki, na kumfanyia kazi wastani wa saa 40 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Dalili moja ikipatikana, mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka mlipaji athibitishe vingine. Ulinzi huo ni wa wenye kipato chini ya kiwango maalumu, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa randi 261,748.45 kwa mwaka. Wasusi wachache sana wa Kotze Street wana wasiwasi wa kukivuka.

Mahakama zimeliona hili zamani. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ilisikiliza kesi ya mfanyakazi wa Denel, kampuni ya silaha ya serikali, aliyekuwa akilipwa kupitia kampuni yake mwenyewe. Karatasi zote zilisema si mwajiriwa. Mahakama ikatazama hali halisi ya kazi, ikasema ni mwajiriwa. Uingereza nako, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliwakatalia Uber hoja kwamba mkataba waliouandika wenyewe ndio unaoamua madereva wao ni nani.

"Lakini mimi ni mgeni, sina vibali kamili," atasema mlinzi, na mwajiri wake atatikisa kichwa kukubali kwa furaha. Hili nalo lina jibu tangu mwaka 2008. Raia wa Argentina aliyefanya kazi Discovery Health aliachishwa kwa sababu kibali chake hakikuwa halali. Mahakama ya Kazi iliamua kwamba bado alikuwa mwajiriwa na alistahili kulindwa dhidi ya kufukuzwa isivyo haki. Anayeajiri mtu asiye na kibali anavunja Sheria ya Uhamiaji, na kosa hilo ni lake mwajiri. Hawezi kuligeuza kuwa sababu ya kutomlipa mtu haki zake. Kodi nayo haiulizi pasipoti. Inauliza mtu anaishi wapi na mapato yameingia kutoka wapi.

Na deni la PAYE ambayo haikukatwa analibeba nani? Wenye maduka wengi hudhani ni yule aliyelipwa, kwa kuwa alisaini. Jedwali la Nne linamfanya mlipaji awajibike yeye binafsi. SARS ikiamua kwamba fundi aliyelipwa 15,000 kwa mwezi alikuwa mwajiriwa, zile randi 15,165 za hesabu ya mpiga picha zitadaiwa kwa mwenye biashara, pamoja na adhabu ya asilimia 10 na riba. Ana haki ya kumdai fundi. Fundi huyo huenda amehamia Durban au amerudi Lubumbashi, na namba yake ya simu haipatikani.

Wapo waliosikia habari hizi nusunusu na kujitungia dawa: kila mtu anakatwa asilimia 25 "ya SARS". Kiwango hicho kipo, kwa ajira zisizo za kawaida, kama za wanaofanya kazi saa chache kwa wiki. Kumkata nacho mlinzi wa saa 12 kwa siku ni kosa. Kumkata na usimpe IRP5 ni jambo baya zaidi, na kama pesa haikufika SARS, ni kosa la jinai.

Upande wa pili una hoja inayostahili kusikilizwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ilimkatalia mshauri wa Wizara ya Mashirika ya Umma aliyekuwa amefanya kazi kwa masharti ya ukandarasi kisha akataka kuhesabiwa mwajiriwa. Mtu mwenye elimu na nguvu ya kujadiliana hawezi kuchagua ukandarasi wakati wa kodi na ajira wakati wa kufukuzwa. Ni sawa kabisa. Wakandarasi wa kweli wapo Hillbrow pia: mafundi bomba wanaozunguka majengo matatu kwa siku, mafundi cherehani, wapiga muziki, na yule mwanamke wa kiti cha pembeni. Kwao sheria si kali hata kidogo. Ipo kodi ya mauzo kwa biashara ndogo: katika mwaka wa kodi ulioishia Februari 2026 ilikuwa ya wenye mauzo yasiyozidi randi milioni 1 kwa mwaka, na mauzo ya 335,000 ya kwanza yalitozwa sifuri. Wanaojiandikisha wanaacha kulala macho kila Februari. Mlinzi aliyepewa sare, kitabu cha kusaini na lango moja la kusimamia hana nafasi katika kundi hilo, hata asaini mara ngapi.

Mwaka 2020 uliipima karatasi hii mbele ya wote. Tarehe 27 Machi nchi ilifungwa kwa sababu ya korona, na saluni hazikuruhusiwa kufungua mpaka 19 Juni. Serikali ikaanzisha malipo ya dharura kupitia UIF, yaliyoitwa TERS, na mwajiri ndiye aliyetakiwa kuwaombea watu wake. Wasusi waliokuwa wameandikishwa walipata kitu, ingawa wageni wengi walicheleweshewa. Wale wa mkataba wa kurasa mbili hawakuwa na wa kuwaombea, kwa kuwa aliyeweza kuomba alikuwa ameshaandika kwamba wao si waajiriwa wake. Masharti ya TERS yalipolegezwa kidogo mwezi Mei, aliyebaki na kazi ya kuthibitisha alikuwa msusi, akiwa na ushahidi mkononi wenye saini yake mwenyewe ukisema kinyume.

Mwenye duka anayetaka kujitoa leo ana njia. Sheria ya Utawala wa Kodi ya 2011 ina mpango wa kujisalimisha kwa hiari: anayekiri makato ambayo hakuyafanya anapunguziwa adhabu na kuepushwa na mashtaka ya jinai, ingawa kodi na riba atalipa. Sharti ni kwamba aende SARS kabla SARS haijamwandikia barua ya ukaguzi.