Daktari Aliyeketi na Maamiri



Mzazi wa pwani akiulizwa angependa mwanawe asomee nini, aghalabu hujibu kuwa ni udaktari, na udaktari anaoufikiria ni ule wa kuvaa koti jeupe, kupima na kuandika dawa. Uko udaktari mwingine ambao hatuwasimulii watoto wetu. Mwenye kuufanya huenda akapitisha miaka asimguse mgonjwa hata mmoja. Kazi yake ni kuwakalisha pamoja watu wasiopenda kukaa pamoja, waziri na gavana, sheikh na mfadhili, mzee wa mtaa na mtaalamu wa kutoka ng'ambo, mpaka wakubaliane juu ya jambo moja la afya na kila mmoja abebe fungu lake. Ni kazi ya kupanga sera na kujenga miungano. Haina picha ya kutundika ukutani, lakini ndiyo inayoamua kama chanjo itafika mlangoni kwako au itabakia ndani ya jokofu mjini.

Tumechagua kisa cha Nigeria, kwa kuwa ni kisa cha Waislamu wenzetu, na kwa kuwa mkia wake, kama tutakavyoona, ulifika hadi Dadaab.

Muhammad Ali Pate alizaliwa mwaka 1968 huko Misau, katika jimbo la Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. (Jina lisimghuri msomaji wa Lamu; huyu si mtu wa kisiwa chetu.) Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, akafanya kazi Gambia, kisha akaenda Marekani kubobea katika maradhi ya kuambukiza. Huko akaongeza shahada ya uongozi wa biashara, jambo lililowashangaza wengi, maana daktari na hesabu za biashara wana nini? Akaajiriwa na Benki ya Dunia. Mwaka 2008 aliitwa nyumbani kuongoza shirika la taifa linalosimamia afya ya msingi, yaani zahanati, chanjo, wakunga, vitu vile ambavyo wakubwa huvipuuza kwa kuwa wao hawatibiwi huko.

Kuelewa alichokikuta, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 2003 Kano na majimbo mengine kadhaa ya kaskazini yalisimamisha chanjo ya polio. Ilienea habari kwamba matone yale yametiwa dawa ya kuwafanya watoto wa kike wasizae watakapokua. Walioisema habari hiyo hawakuwa wajinga watupu. Miongoni mwao walikuwamo madaktari na wanazuoni. Wala tusiwacheke. Mwaka 1996, mji huohuo wa Kano ulipokumbwa na homa ya uti wa mgongo, kampuni moja ya dawa kutoka Marekani iliwajaribia dawa yake mpya watoto wagonjwa. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio hilo na 11 wakafariki. Wazazi walisema hawakuambiwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, ikasema ni maradhi yaliyowaua. Hata hivyo mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kulimaliza shauri lake na jimbo la Kano. Basi mama aliyeyasikia hayo, leo aletewe matone ya bure na mtu asiyemjua, kwa nini asifunge mlango?

Lakini polio haiulizi sababu ya mlango kufungwa. Kirusi chake huingia kwa mdomo, kupitia maji na mikono iliyochafuka, na katika kila watu 200 wanaoambukizwa, ni mmoja hivi tu anayepooza. Wengine 199 hutembea nacho bila kujua. Ndiyo maana ukimwona mtoto mmoja aliyepooza mtaani, ugonjwa umekwisha kuzunguka mtaa mzima. Na aliyepooza hana dawa. Kano ilikaa karibu mwaka mzima bila chanjo. Ilirejea katikati ya 2004, baada ya wajumbe kupeleka matone kupimwa nje ya nchi na kuagiziwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kufikia hapo kirusi cha kaskazini mwa Nigeria kilikuwa kimeshavuka mipaka hadi Sudan. Mwaka 2005 kikafika Indonesia yenyewe, ambayo haikuwa imeona polio kwa miaka 10. Hilo hutuhuzunisha kila tunapolikumbuka: waliowatengenezea wenzao chanjo ndio waliofikiwa na maradhi.

Mwaka ambao Pate alishika kazi, Nigeria ilihesabu watoto 798 waliopooza kwa polio. Fedha zilikuwapo, na chanjo ilikuwapo. Kilichokosekana ni imani ya watu, na imani haiagizwi kwa meli. Iko mikononi mwa wale ambao watu wamezoea kuwategemea, nao kaskazini mwa Nigeria ni watawala wa jadi: Sultani wa Sokoto, chini yake maamiri, chini yao mahakimi wa wilaya, kisha dagaci wa kijiji, kisha mai unguwa, yule mzee wa mtaa anayejua nani kajifungua na nani kahamia jana.

Mwaka 2009 wakuu wa majimbo yote 36 walitia saini ahadi mjini Abuja kwamba wao wenyewe watasimamia chanjo. Mwaka huohuo Sultani Muhammadu Sa'ad Abubakar III na maamiri wa kaskazini wakaunda kamati yao ya afya ya msingi. Hapo ndipo tunapoiona hekima ya kazi hii. Maamiri hawakuitwa kuja kupigwa picha na kutoa nasaha. Walipewa kazi yenye mizani. Wazee wa mitaa walipewa sauti katika kuchagua timu za chanjo, kwa maana hapo awali nafasi hizo ziligawiwa kwa jamaa na wapambe, na mara nyingine akaletwa kijana asiyejulikana na yeyote mtaani. Hakimu wa wilaya alikaa katika kikao cha jioni akisomewa nyumba zilizokataa, na asubuhi mai unguwa akafuatana na timu kubisha hodi. Jina la nyumba halikuwa tena tarakimu katika daftari la serikali. Lilikuwa ni jirani. Baadhi ya maamiri walikunywa matone mbele ya watu.

Palikuwa na swali moja ambalo lilirudi kila mahali, na lilikuwa swali la haki. Watu waliuliza: watoto wetu wanakufa kwa malaria na surua, tukienda zahanati hatupati hata kidonge, maji hatuna, iweje polio pekee iletwe mlangoni, bure, mara kadhaa kwa mwaka? Mwenye kuuliza hivyo hapingi chanjo. Anadai apewe kile anachokihitaji. Palifunguliwa kambi za matibabu karibu na timu za chanjo, mtoto akapewa dawa za maradhi mengine pamoja na matone. Na Pate, tangu 2009, alisimamia mpango wa kupeleka wakunga zaidi ya 2,000 katika zahanati za vijijini, wakiwamo wastaafu waliorudishwa kazini na mabinti waliohitimu punde wakakosa ajira. Kwetu sisi mpango huo wa wakunga ulisema zaidi ya hotuba zote. Mama aliyezalishwa salama na mkunga huyo, kesho akimwambia mtoto afungue mdomo, hasiti.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume tukiandika huwa tunaliruka. Chanjo ya polio hutolewa ndani ya nyumba, na kaskazini mwa Nigeria, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi, mwanamume mgeni hapiti ukumbini. Amiri anaweza kuamuru na sheikh anaweza kuhutubu, lakini anayevuka kizingiti ni mwanamke. Kwa hiyo muungano ule usingesimama bila wanawake wa kutoka mitaa ileile, wake wa majirani, waliofundishwa kuwazungumzisha kina mama, kuandika watoto wachanga na kurudi tena na tena. Shirikisho la vyama vya wanawake wa Kiislamu la Nigeria, FOMWAN, lililoundwa 1985, liliingia katika kazi hiyo. Na katika mji wa Kano, watu waliopoozwa na polio wenyewe, ambao huunda baiskeli za matairi matatu za kuendeshwa kwa mikono, walikwenda nyumba hadi nyumba. Walipofika mlangoni hawakuhitaji maneno mengi.

Hapa tuseme neno letu. Sisi maimamu na walimu wa madrasa wa huku tunajua namna tunavyoitwa katika mambo ya afya. Karatasi huletwa Alkhamisi jioni, tuisome baada ya swala ya Ijumaa, na Jumamosi kampeni inaanza. Hatukuulizwa watu wetu wana hofu gani, wala hatukuambiwa baadaye ni nyumba ngapi zilikataa. Huko ni kutumia kipaza sauti cha msikiti, nacho hakina masikio. Kaskazini mwa Nigeria walikwisha kulijaribu hilo kabla ya 2009, na tumeona lilivyowafikisha.

Matokeo yalikuja upesi, pengine upesi mno. Kutoka 798 mwaka 2008, wagonjwa walishuka hadi 388 mwaka uliofuata, na 21 tu mwaka 2010. Watu wakalegea. Uchaguzi wa 2011 ukawashughulisha magavana, machafuko yakazidi kaskazini mashariki, na mwaka 2012 hesabu ilipanda tena hadi 122. Pate, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa nchi katika wizara ya afya, alikabidhiwa uenyekiti wa kikosi cha Rais cha kutokomeza polio. Kituo cha dharura kikafunguliwa Abuja, ambapo mashirika yaliyokuwa kila moja na ofisi yake na hesabu zake yalilazimika kukaa chumba kimoja. Picha za setilaiti zikaonyesha vijiji ambavyo havikuwamo hata katika ramani za wachanjaji. Miaka yote hiyo watoto wa huko hawakuwa wamekataa. Hakuna aliyewahi kuwafikia.

Kisha ikaja Februari 2013. Watu wenye silaha walivishambulia vituo viwili vya afya mjini Kano, wakawaua wachanjaji wasiopungua tisa, wanawake. Walikuwa wakijitayarisha kwa kazi ya siku. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raji'un. Kampeni ziliendelea, na wakaendelea kujitokeza wanawake wengine wa kuzifanya. Julai mwaka huo Pate alijiuzulu uwaziri akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Wako waliomlaumu kwa kuiacha kazi njiani. Sisi twaona kwamba kama muungano ungekufa kwa kuondoka mtu mmoja, usingestahili jina hilo.

Mwaka huohuo ule mkia tuliousema ulitufikia. Kirusi chenye asili ya Afrika Magharibi kilizuka Mogadishu, kikawapooza karibu watoto 200 nchini Somalia, na huku Kenya wakapatikana wagonjwa 14, katika kambi za Dadaab na pembezoni mwake. Miongoni mwa waliotoka kupambana nacho alikuwa Ali Maow Maalin wa Marka, katika pwani ya Banadir. Mwaka 1977 Maalin, mpishi wa hospitali aliyekuwa na umri wa miaka 23, aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa maambukizi ya kawaida. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na chanjo aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio. Alipomkuta mzazi anayekataa, humsimulia habari yake mwenyewe. Alifariki kwa malaria Julai 2013, akiwa katika kampeni ya kukizima kirusi hicho. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nigeria ilihesabu wagonjwa 6 tu mwaka 2014. Mwaka 2016 kirusi kikaibuka tena Borno, katika maeneo ambayo vita vilikuwa vimeyafunga, na tangu hapo hakikuonekana tena. Tarehe 25 Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kanda yake ya Afrika, yenye nchi 47, imesafika na polio ya asili. Imebakia ile inayotokana na kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo, ambacho hupata nguvu upya mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na hiyo ndiyo inayowaleta wachanjaji milangoni petu mpaka leo.

Siku ya tangazo hilo Pate alikuwa Benki ya Dunia, akiongoza idara ya afya. Mwaka 2023 aliteuliwa kuongoza Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo wenye makao Geneva, kisha akaomba udhuru kabla ya kuanza. Agosti mwaka huo alirudi Abuja kuwa waziri kamili wa afya. Jambo la mwanzo lililomngojea lilikuwa zahanati zilezile.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.