Maji ya Sagana, maji ya kwetu

Wasee, wikendi iliyopita tulitoka Migwani tukaenda Sagana kupiga kasia Mto Tana. Kabla tuguse maji, kila mtu alivaa helmeti na jaketi ya kuelea. Kiongozi wa boti akatufunza: ukianguka, lala chali, miguu mbele. Beshte yangu alianguka kweli. Dakika haikuisha tukamvuta ndani, anacheka.

Mimi nikakumbuka Enziu, huku kwetu Mwingi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi liliingia mto uliofurika, limebeba wanakwaya wakienda harusini. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Yaani tunalipa pesa tufunzwe kuheshimu maji, halafu mvua ya Novemba ikinyesha tunavuka mto bila chochote, juu tumechelewa. Mto wa kwetu hukaa mchanga mtupu miezi mingi, so tunauzoea. Hapo ndipo hutumaliza.

Sagana, kiongozi akisema ngoja, hata aliyelipa anangoja. Basi dere akikuambia "tutapita tu" na maji yamefunika barabara, shuka. Wakucheke. Harusi itangoja.