Redio ya Umma na Masikio ya Umma

Mwaka 1952 Wizara ya Habari na Utangazaji ya India ilipata Waziri mpya, Dakta B. V. Keskar, msomi wa Paris ambaye mwenyewe alikuwa amejifunza uimbaji wa jadi. Haukupita muda mrefu nyimbo za filamu zikakaribia kutoweka kabisa katika All India Radio. Mahali pake pakashikwa na muziki wa kale wa Kaskazini na wa Kusini, tangu alfajiri hadi usiku. Julai ya mwaka uo huo ikaanzishwa Programu ya Taifa ya Muziki, ambamo kila Jumamosi usiku bingwa mmoja alipewa nafasi ya kutosha kuimba au kupiga ala yake mbele ya nchi nzima.

Hatua hiyo imechekwa sana tangu siku hizo. Lakini swali lililomkabili Keskar si la kuchekwa, kwa kuwa huikabili kila nchi iliyojitawala na kurithi mitambo ya utangazaji kutoka kwa mkoloni: redio ikiwa ni mali ya umma, je, iupe umma kile unachokipenda leo, au kile kilicho chake ambacho ulizuiwa kukifahamu?

Kwanza muziki wenyewe ueleweke. Raga si wimbo. Ni utaratibu wa sauti, wenye njia yake ya kupanda na ya kushuka, ambao mwanamuziki huujenga papo hapo kwa kadiri ya ujuzi wake. Katika mapokeo ya Kaskazini, kila raga ina saa yake. Bhairav ni ya mapambazuko. Yaman ni ya jioni, giza linapoanza kuingia. Malkauns ni ya usiku mkubwa. Kwa hiyo siku nzima ya muziki huo hewani haiwi kapu la nyimbo zilizookotwa huku na huko, bali hufuata mwendo wa jua. Hapo kale aliyeweza kusikia kila raga kwa saa yake alikuwa mfalme katika jumba lake. Santuri za zamani nazo zilibeba muda wa dakika tatu hivi kila upande, na raga ya saa nzima ikakatwa ikawa kama kipande cha kitambaa anachoonyeshwa mteja dukani. Redio ndiyo iliyoweza kumfikishia karani na mkulima kile alichokisikia mfalme. (Hata mlio maarufu wa kufungulia matangazo ya redio hiyo ulitungwa kwa kufuata raga, na aliyeutunga mwaka 1936 alikuwa Walter Kaufmann, Myahudi mkimbizi kutoka Ulaya ya Kati. Wanaodai kwamba sanaa ya taifa haiguswi na mgeni wangefaa kuukumbuka mlio huo.)

Tena kulikuwa na suala la mkate. Baada ya uhuru wa 1947 tawala za wafalme wadogo ziliunganishwa na Jamhuri, na wanamuziki waliokula katika majumba yale wakabaki bila mlezi. Redio ikawaajiri. Kwa jambo hilo peke yake Serikali ya India ilistahili shukrani.

Kosa lilikuwa kwingine. Mafundi waliokwisha kusifiwa kwa miaka mingi walitakiwa kuketi mbele ya kamati za mtihani ili wapewe madaraja, na wengi wakachukia. Keskar pia aliamini kwamba Waislamu ndio walioupotosha muziki huo, wakati ambapo miongoni mwa mabingwa wake wakubwa walikuwamo Bade Ghulam Ali Khan na Bismillah Khan. Na hata kabla yake, Vallabhbhai Patel alikuwa amewafungia mlango waimbaji wanawake ambao maisha yao ya faragha yalihesabiwa kuwa ni aibu, ilhali wanawake wa namna hiyo ndio waliozihifadhi nyimbo nyingi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Lau angekutana mlangoni na kamati ya kupima heshima ya nasaba, taarabu ya Kiswahili ingekosa nini?

Msikilizaji naye hakulazimishika. Radio Ceylon ilikuwa na mtambo wa mawimbi mafupi wenye nguvu, masalio ya jeshi la Washirika katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka ule ule wa 1952 Ameen Sayani akaanza kuwatangazia Wahindi nyimbo zao za filamu kutoka huko, kwa fedha za kampuni ya dawa ya meno. Mamilioni wakageuza vifungo vya redio zao. Tarehe 3 Oktoba 1957 India ilisalimu amri, ikaanzisha idhaa ya nyimbo nyepesi, Vividh Bharati.

Keskar hakukosea kuipa raga siku nzima. Alikosea kudhani kwamba ili raga ipendwe, wimbo wa filamu hauna budi kunyimwa hewa.

Tanzania ya leo ina redio za biashara tele, na kijana husikiliza atakacho katika simu yake. Hakuna tena cha kukataza. Lakini ipo hazina ya kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, yenye ngoma, zeze, marimba na taarabu. Redio ya umma ingeweza kutenga siku moja kila mwezi: asubuhi tenzi na mashairi, mchana zeze na marimba za Wagogo, jioni mchezo wa redio, usiku gambusi, pamoja na mtu wa kueleza kila kinachosikika. Idhaa nyingine ziendelee na dansi zao. Ratiba ifike mashuleni wiki tatu kabla, ili mwalimu wa Kiswahili apange somo lake, na mkuu wa shule atafute redio inayosikika hadi dawati la nyuma.